Kiswahili cha simu na hesabu za mpakani

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba hawakumsubiri mwalimu. Wanakiandika kila siku kwenye WhatsApp, kwa mkato: "xaxa", "cjui", "niko apa".

Mimi ni mwalimu hapa Bugembe, na Kiswahili changu nilikipata shuleni uhamishoni. Walimu wenzangu hulalamika kwamba simu inaharibu lugha. Sikubaliani nao. "Xaxa" inaeleweka Jinja, Mbale hata Bungoma. Kinacholeta hasara ni neno linaloachwa.

Mtu akiandika "bado nakudai 5000", ni shilingi ya nani? Moja ya Kenya ni zaidi ya ishirini za Uganda. Akiagiza "gunia kumi", ni la kilo ngapi? Kenya mahindi huhesabiwa kwa gunia la kilo 90. Kwetu bei hutajwa kwa kilo.

Habari nazo ni hivyo hivyo. Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti. Anayeandika "mpaka umefungwa" humrudisha nyumbani hata muuza ndizi, na ujumbe usio na tarehe huendelea kutisha watu baada ya mambo kubadilika.

Ndugu zangu, fupisheni salamu. Fedha, kipimo na tarehe viandikeni kwa ukamilifu.