Anayepanga Kupanda Mlima Aanze na Kushuka

Aghalabu shule au chuo kinapoandaa ziara ya siku moja mlimani, mambo mengi hupangwa mapema: nauli, basi, fulana za rangi moja, mchele, soda na mpiga picha. Jambo moja tu huachiwa Mungu, nalo ni matembezi yenyewe. Hudhaniwa kwamba maadamu mtu ana miguu na mlima unaonekana, basi hapana la kujadiliwa. Dhana hiyo ni ya hatari, na inafaa walimu na wanafunzi waikatae.

Suala hili linawahusu sana watu wa Asumbi, mahali palipo na chuo cha walimu na shule za miaka mingi kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay. Milima ya mawe haiko mbali nao. Got Asego umeinuka kando ya mji wa Homa Bay; na katika rasi inayoingia Ziwa Viktoria umesimama Mlima Homa, zao la volkano ya kale, wenye kimo cha takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Mwalimu anayefunzwa Asumbi leo, kesho atakabidhiwa darasa la watoto arobaini kwingineko nchini. Mtaala wa Umilisi, ambao utekelezaji wake wa kitaifa ulianza 2019, unamtaka awatoe watoto hao nje ya kuta nne. Kwa hiyo desturi atakayojifunza sasa, iwe njema au mbaya, itaenea mbali.

Tuanze na jina. Katika Dholuo neno got hutumika kwa mlima na kwa kilima vilevile. Mgeni anayesikia kwamba wanakwenda "got" hajaambiwa bado ni mwendo wa nusu saa au wa nusu siku. Jina halipimi kimo. Kimo hupimwa kwa tarakimu. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Basi anayeupanda Mlima Homa kutoka ufukoni hadi kileleni ana mita 600 na ushei za kupanda.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vyetu vya sasa, yasema hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia ni kilomita 10 kwenda na kurudi. Hizo ni saa mbili za mwendo na saa moja ya kupanda, jumla saa tatu. Lakini Naismith alimhesabia mtu mzima mwenye afya, asiyepumzika. Kundi la wanafunzi arobaini juu ya mawe yanayoteleza huenda kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa. Mwalimu mwenye busara atazidisha hesabu hiyo mara mbili, apate saa sita. Akianza kupanda saa mbili asubuhi, atakuwa chini saa nane mchana.

Kwa nini saa nane na si saa kumi na moja? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mvua. Katika nchi hii ya mashariki ya ziwa, upepo wa ziwani hupanda mchana na kukutana na ule utokao nyanda za juu. Ndiyo maana ngurumo na radi huja sana alasiri na jioni. Mgongo wa mlima usio na miti ni mahali pabaya mno pa kukutia radi, na mti mmoja uliosimama peke yake si kimbilio. Ya pili ni giza. Kwetu jua hutua kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na machweo hayangoji mtu.

Wahenga walinena kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wakati wa kushuka magoti yamechoka, maji yamekwisha, changarawe huteleza chini ya ndara, na jiwe lililosukumwa na wa juu humwangukia wa chini. Kwa hiyo ratiba iandikwe kuanzia mwisho: saa ya kuwa chini, kisha saa ya kugeuka, kisha saa ya kuanza. Saa ya kugeuka ikifika, kundi ligeuke hata kama kilele kimebaki hatua mia moja. Na mwenye kauli hiyo atajwe kabla ya safari, kwani kule juu kila mmoja hutaka picha.

Hapa lugha nayo ina neno lake. Mwalimu akimwandikia dereva tarakimu 10 bila maelezo, mmoja atasoma saa nne, mwingine saa kumi. Kosa la saa sita. Iandikwe "saa nane mchana", na nakala apewe dereva, mwalimu mkuu na kiongozi wa wanafunzi.

Maji pia ni hesabu. Lita mbili kwa kila mtu ni lita 80 kwa watu arobaini, yaani mitungi minne ya lita 20, uzito wa kilo 80. Hakuna atakayeibeba mgongoni mwa mlima. Kila mtu abebe yake. Mwalimu mmoja atangulie, mwingine afunge safu, na watu wahesabiwe kila wanapopumzika. Kijana wa kijiji cha jirani aajiriwe kuongoza njia, tena alipwe, kwani maarifa yake ni kazi.

Wako watakaosema dawa ni kupiga ziara marufuku. Nawaelewa. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kundi la kanisa Aprili 2012, na watu saba wengine Septemba 2019. Lakini somo la misiba hiyo miwili si kwamba watu wakae nyumbani. Somo ni kwamba mvua inayonyesha mahali usipoiona yaweza kukuua ulipo, na kwamba msiba wa kwanza haukutosha kuwa funzo. Marufuku haimfundishi mtoto kusoma wingu. Humwacha aende siku moja peke yake bila kujua.

Basi ratiba iandaliwe na wanafunzi wenyewe darasani, wiki moja kabla ya safari. Humo mna jiografia, hesabati na insha ya maelekezo. Mwalimu aisahihishe kwa kalamu nyekundu, na yeyote asiyeweza kutaja saa ya kugeuka asipande basi.