Mawe Mazito na Mawazo Mazito

Ni desturi ya watu wengi, na hasa wanaume, kuficha huzuni zao. Mtu akipatwa na homa huenda hospitali mchana kweupe. Lakini akishikwa na wasiwasi usiompa usingizi, hunyamaza na kujikaza mpaka mzigo ule umwelemee. Wahenga walinena kweli: mficha maradhi kifo humuumbua.

Miongoni mwa mambo yawezayo kuupunguza mzigo huo, limo moja lisilogharimu hata senti, nalo ni kuinua mawe ya asili, nje, penye hewa safi na nuru ya jua.

Jambo hili si geni duniani. Katika kisiwa cha Iceland, kwenye pwani ya Djúpalónssandur, yapo mawe manne ambayo wavuvi wa zamani walipimiwa nguvu zao. La kwanza, liitwalo Fullsterkur, yaani mwenye nguvu kamili, lina kilo 154. La pili, Hálfsterkur, mwenye nusu ya nguvu, lina kilo 100. La tatu, Hálfdrættingur, kilo 54. Na la mwisho, Amlóði, yaani asiyefaa kitu, kilo 23. Aliyeshindwa na lile la kilo 54 hakupewa nafasi chomboni. Zamani hizo jiwe lilikuwa hakimu. Siku hizi watu huenda kuyainua kwa hiari yao, wala hapana nahodha anayewangoja.

Je, jiwe huusaidiaje moyo? Jiwe la asili halina mpini wala umbo la kawaida. Mwenye kuliinua hana budi kulichungulia, kulipapasa, kutafuta pa kushika na kuweka miguu yake sawasawa. Kwa muda huo mawazo ya deni, ya karo na ya ugomvi wa nyumbani hukosa nafasi. Tena kazi hiyo ina mwisho unaoonekana: jiwe limeondoka chini, au halikuondoka. Mtu ambaye shida zake hazina mwisho hupata angalau jambo moja alilolimaliza siku ile.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo lililo karibu na hili. Mwaka 2018 ilichapishwa hesabu ya majaribio 33, yenye watu 1,877, ikaonyesha kwamba mazoezi ya nguvu, kama vile kuinua vitu vizito, hupunguza dalili za ugonjwa wa huzuni uitwao sonona. Lililo kubwa zaidi ni hili: nafuu hiyo haikutegemea mtu kuongezeka nguvu. Majaribio hayo hayakuwa ya mawe ya shambani, lakini funzo lake ni wazi. Faraja si mali ya mwenye misuli peke yake. Hata aliyeishia kwenye jiwe la Amlóði anayo sehemu yake.

Kwa hiyo karani ashindaye kitini na mkulima mwenye mawe tele shambani waweza kuanza na jiwe dogo, mara mbili kwa juma. Kwanza jiwe lipinduliwe kwa fimbo, kwa maana nge na nyoka hupenda kulala chini yake. Kisha mtu achuchumae, alikumbatie jiwe karibu na kifua, na ainuke kwa nguvu za miguu, si za mgongo, bila kuzuia pumzi. Mwenye ngiri, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au maumivu ya mgongo, na mama mjamzito, wamwulize daktari kwanza. Na ni vema kwenda wawili, kwani penye kupumzika baada ya kazi ndipo maneno yaliyofichwa hutoka.

Hata hivyo, jiwe si dawa ya kila jambo. Mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, au akiwaza kujidhuru, apelekwe hospitali pasipo kukawia. Kwenda huko si aibu. Hata jiwe likimshinda mmoja, huitwa wa pili akashika upande wake.