Mpaka Ndani ya Ofisi

Msomaji mpenzi, wakumbuka mpaka wa Busia ulivyokuwa? Lori lilisimama Kenya likakaguliwa, likavuka, likasimama tena Uganda. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia.

Basi kwa nini ujijengee mpaka ofisini mwako? Tuseme wewe ni wakala wa forodha pale Malaba. Waifai ya chumba cha mbele haifiki nyuma kwa sababu ya kuta nene. Unanunua ruta ya pili, unaichomeka, na balaa linaanza: kompyuta ya mbele haioni printa ya nyuma, na dereva anangoja stakabadhi. Kisa ni kwamba kila ruta inagawa anwani zake na kujifanya nchi yake.

Dawa ni hii. Fungua mipangilio ya ruta ya pili, uipe anwani isiyotumiwa na kifaa kingine, mathalani 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1. Kisha zima DHCP, yaani ugawaji wa anwani. Waya kutoka ruta ya kwanza, usiozidi mita 100, uchomeke kwenye tundu la LAN, si la WAN. Zipe ruta zote jina moja na neno la siri moja, lakini chaneli tofauti: 1 na 6. Sasa ile ya pili ni kisambaza mawimbi tu, sawa na aksesi pointi ya dukani.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, ndugu msomaji. Mmoja agawe, mwingine asambaze.