Twisti Haikuwa Ukasuku

Mwandishi mmoja amedai kwamba wanamuziki wazee wa Moshi, wanapokumbushana enzi za twisti, wanasifia kuiga tu: wimbo wa Marekani, sisi kasuku. Nakataa.

Tuanze na wimbo wenyewe. "The Twist" ni wa Hank Ballard, aliyeutoa mwaka 1959 ukiwa upande wa pili wa santuri. Chubby Checker akaurudia mwaka 1960, ukashika namba moja Marekani, kisha ukarudi kileleni 1962. Kama kurudia ni ukasuku, basi kasuku wa kwanza hakutoka Moshi.

Pili, gitaa halikuletwa na twisti. Frank Humplick wa Moshi, ambaye mama yake alikuwa Mchaga, alishapiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili na dada zake miaka ya 1950, kabla Checker hajajulikana.

Tatu, sikiliza vidole. Katika twisti ya Daudi Kabaka wa Kenya, gitaa linachambua uzi mmoja mmoja, linajibizana na sauti ya mwimbaji. Mguu wa mchezaji ulisaga sakafu kama anayezima kipande cha sigara, lakini maneno na utani vilikuwa vya kwetu. Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza wakauimba wimbo wa Kabaka, "Helule Helule". Hapo nani alimwiga nani?

Hata ndizi asili yake ni Asia. Mchaga akaichanganya na ulezi, ikawa mbege. Nenda Marangu ukamwambie mpika mbege ameiga, uone kama utapewa kata ya pili.