Mwacheni Mjusi, Tuangalie Tangi

Kila muhula ukifika katikati, hosteli zetu zinaingia msimu wa taifodi. Mtu akirudi kutoka zahanati na karatasi ya "UTI na taifodi" (ile ndoa isiyovunjika), chumba kizima kinageukia ukutani na ndala zinavuliwa. Mjusi aliyekuwa anajilia mbu wake karibu na taa anahukumiwa kabla mgonjwa hajameza hata kidonge cha kwanza. Mimi nasoma mikrobiolojia, mwaka wa tatu, na naona hukumu hii inatuponza sisi kuliko inavyomponza mjusi.

Tukubaliane kwanza kwamba mjusi si msafi. Mijusi, nyoka, kobe na kenge hubeba salmonela matumboni mwao, tena wakiwa wazima kabisa. Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kasa wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa kuwa watoto walikuwa wanawachezea, wengine wanawatia mdomoni, kisha wanaharisha vibaya. Wafugaji wakajaribu kuwasafisha kasa kwa antibiotiki. Bakteria hawakuisha, na waliobaki wakawa sugu. Kwa hiyo wali ukidondokewa na kinyesi cha mjusi, mwaga. Ukishika kobe, nawa kwa sabuni. Hapo sina utetezi wowote.

Sasa jiulize: kwa nini mjusi mwenyewe haharishi? Salmonela na E. koli wanatoka ukoo mmoja, wakaachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, dinosaria wakiwa bado wanatamba. Leo salmonela wana spishi kuu mbili tu. Moja inaitwa bongori, kutokana na mji wa Bongor kule Chad, na ilipatikana kwa mjusi katika miaka ya 1960. Hii hukaa zaidi kwa wanyama wa damu baridi. Ya pili, enterika, ilipata kundi la jeni ambalo bongori hana, linalomwezesha bakteria kuishi ndani ya zile seli za kinga zinazotumwa kummeza. Matawi yake kadhaa yamebaki kwa reptilia mpaka leo. Tawi moja ndilo lililozoea wenye damu moto: kuku, ng'ombe, nguruwe na sisi.

Kwa mjusi, basi, salmonela ni mpangaji wa siku nyingi. Anakula, anazaana, anatoka na kinyesi kwenda kutafuta mjusi mwingine, na mwenye nyumba hana habari. Ila msidanganyike kwamba kila wanaokaa pamoja muda mrefu huishia kupatana. Bakteria wa taifodi anatoka kwenye lile tawi la damu moto, na yeye alichagua njia nyingine kabisa. Jeni zake kama 200 zimeharibika, nyingi zikiwa zile ambazo ndugu zake wanazitumia kuishi kwenye matumbo ya wanyama mbalimbali. Hawezi tena kurudi huko. Makazi yake ni binadamu tu, na akishaingia hakai utumboni pekee, anapenya hadi kwenye damu, ini na mfuko wa nyongo.

Huko kwenye nyongo anaweza kutulia miaka mingi bila mwenyewe kujua. Mary Mallon, mpishi wa New York, alibainika mwaka 1907 kuwa anawaambukiza watu taifodi kupitia chakula alichopika, naye hajisikii chochote. Alitengwa jumla ya karibu miaka 26, mpaka alipofariki 1938. Binafsi naona alionewa, lakini hiyo ni makala nyingine. Ninachotaka muone ni kwamba yule mama alikuwa kwa taifodi kile ambacho mjusi ni kwa salmonela wake. Mjusi wa taifodi ni mtu. Taifodi inatoka kwenye choo cha mtu, inapita kwenye maji au mikono, inaingia kinywani mwa mtu mwingine.

Na hata hizo karatasi za zahanati tuzisome kwa makini. Kipimo cha Widal, cha tangu 1896, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani, au za salmonela mwingine mwenye ganda linalofanana. Kipimo kimoja cha siku moja, halafu dozi ya antibiotiki: hivyo ndivyo tunavyozalisha usugu, kama wale wafugaji wa kasa. Ukiweza kupata kipimo cha kuotesha damu, kidai, tena kabla hujaanza dawa.

Tukirudi nyumbani: tangi la juu la bloku yetu halina mfuniko. Chemba ya maji taka hufurika kila mvua kubwa ikinyesha, hatua chache kutoka bomba tunalojazia ndoo. Kwenye mgahawa kuna sinki la kunawia, sabuni hakuna tangu boom lililopita. Haya yote yanajulikana na kila mtu, ila ndala haiwezi kuyapiga, ndiyo maana tunampiga mjusi.

Nimeandika barua kuuliza tangi lilioshwa lini mara ya mwisho, na lini litafunikwa. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wameniambia nilete sahihi za vyumba 40 ndipo waipeleke mbele. Mpaka naandika hapa ninazo 11. Karatasi iko kwa mlinzi, mlango wa chini.