Lumbesa Nayo ni Siasa

Katika Nyanda za Juu Kusini, hasa mikoa ya Mbeya na Iringa, ipo kauli inayotamkwa vijiweni, kwenye mabasi na hata katika hotuba za viongozi wenyewe, kwamba mwananchi hali siasa. Mkulima, kwa mujibu wa kauli hiyo, anahitaji mbolea, mbegu, barabara na soko, na mengine yaachiwe wenye muda wa kupoteza. Kauli hii huonekana kuwa ya busara kwa sababu imevaa nguo za kazi, na anayeitilia shaka huhesabiwa kuwa mpiga domo. Hata hivyo ni kauli ya uongo, na wapo wanaofaidika nayo.

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Uyole, katika jiji la Mbeya, ni mbolea. Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane, sikukuu ya wakulima, iliyoadhimishwa kitaifa kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, yaani utaratibu ambao serikali hulipa sehemu ya bei ili mkulima anunue kwa nafuu. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 130,000 baada ya soko la dunia kuchafuka, ulishushwa hadi shilingi 70,000. Bei hiyo haikushuka kwa sababu wakulima walilima kwa bidii kuliko mwaka uliotangulia. Ilishuka kwa sababu serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ajili hiyo, katika mwaka uleule ambao bajeti ya Wizara ya Kilimo iliyosomwa bungeni ilipanda kutoka bilioni 294 hadi bilioni 751. Kugawa fedha za umma, na kuamua nani apate leo na nani asubiri, ndiyo siasa kwa maana yake ya msingi. Viwanja vyenyewe, kwa bahati, vimepewa jina la mwanasiasa: Mwakangale alikuwa mbunge wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, na ndiye aliyekutana na Nelson Mandela mjini Mbeya mwaka 1962, Mandela alipokuwa ametoka Afrika Kusini kwa siri.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba kauli ya kutenganisha siasa na jembe imeota mizizi katika eneo ambalo liliwahi kutamka kinyume chake. Mwezi Mei 1972 TANU ilikutana Iringa na kupitisha mwongozo ulioitwa "Siasa ni Kilimo". Mwongozo huo haupaswi kutukuzwa, kwani kilimo kilichohimizwa kilikuwa cha kuamriwa kutoka juu, na miezi michache kabla yake, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikuwa ameuawa kwa risasi huko Isimani na mkulima Said Mwamwindi katika mgogoro wa shamba uliotokana na sera ya ujamaa. Lakini aliyeishi Iringa wakati ule, awe upande wa chama au upande wa wenye mashamba, asingeweza kudai kwamba siasa ni jambo lisilomhusu mwenye shamba.

Wanaoshikilia kauli hii wanastahili kusikilizwa kwa jambo moja. Wanachokiita siasa ni kile wanachopewa kwa jina hilo: nani kahama chama "kuunga mkono juhudi", nani kamjibu nani, nani anatajwa kuwania jimbo gani. Mtu aliyechoshwa na hayo hana kosa. Kosa ni la magazeti, redio na televisheni, ambavyo vimeigawa habari mafungu mawili, vikayaita magomvi ya wanasiasa "siasa" na ziara za wakuu wa wilaya "maendeleo", kisha vikamwacha msomaji aamini kwamba mafungu hayo hayakutani.

Lumbesa inaonyesha gharama ya mgawanyo huo. Lumbesa ni gunia la viazi linalojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kichwa kwa kamba au wavu, hivyo mkulima akalipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaokaribia gunia moja na nusu. Sheria ya Vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo upo. Hata hivyo, miaka nenda miaka rudi, vichwa vya habari kutoka mikoa hii vinafanana: kiongozi "awataka" wakulima kuacha lumbesa, kiongozi "aagiza", kiongozi "apiga marufuku". Katika sarufi ya vichwa hivyo mkulima ndiye anayetakwa na kuagizwa, wala haulizwi. Swali ambalo halichapishwi ni jepesi: ikiwa ushuru wa mazao unatozwa kwa hesabu ya magunia badala ya kilo, mfanyabiashara ana sababu gani ya kufunga gunia dogo? Halmashauri ambayo haijaweka mizani kwenye vituo vya kununulia mazao inashiriki katika kujaza lumbesa, na kuweka au kutoweka mizani hiyo ni uamuzi wa watu waliopigiwa kura.

Sababu za ukimya huo si fumbo. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara, hulipwa kwa kila habari inayotoka, na njia rahisi ya kufika kijijini ni kupanda gari la msafara wa kiongozi. Mtu aliyefikishwa shambani na gari la mkuu wa wilaya hurudi na maneno ya mkuu wa wilaya. Anayekwenda kwa miguu yake hukabiliwa na hatari nyingine. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, aliuawa katika tukio la polisi kuzuia shughuli ya chama cha upinzani cha CHADEMA, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Ni mwaka huohuo wa 2016 ambapo wanufaika wa kauli hii walijitokeza bayana. Mwezi Januari serikali ilitangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja, kwa hoja ya gharama na kwamba saa hizo wananchi wako kazini. Katikati ya mwaka mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Yote hayo yalitetewa kwa jina la kazi. Waliokuwa wamekwisha kuamini kwamba siasa hailiwi hawakuona kuwa wamenyang'anywa kitu.

Dhana hii ya kutenganisha siasa na kazi haiko Tanzania pekee. Nchini Marekani, ambako raia wa mrengo wa kiliberali hulalamika kwamba televisheni hutangaza uchaguzi kama mbio za farasi, wakulima wa soya waligundua mwaka 2018 kwamba ushuru uliobishaniwa na Washington na Beijing umewafungia soko la China, na serikali yao ikalazimika kutenga takribani dola bilioni 28 kuwafidia wakulima. Mwezi Aprili 2025 jambo la namna hiyo lilipita Uyole penyewe, njia panda ya kwenda Tukuyu na mpaka wa Kasumulu, pale Malawi ilipokuwa imezuia ndizi na mchele wa Tanzania, na Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela vilikosa njia kwa saini ya waziri, na vikaipata tena baada ya mazungumzo ya mawaziri.

Wahariri wanaotaka kuacha mazoea ya kutenganisha siasa na kilimo hawahitaji safari ndefu wala gari la msafara. Baraza la madiwani, ambako sheria ndogo za ushuru wa mazao hupitishwa, hukutana kila robo mwaka, na kisheria vikao vyake viko wazi kwa mwananchi yeyote.