Wapagazi wa Dien Bien Phu

Sisi tuliofundisha historia miaka mingi tulizoea kuvipa vita vya Dien Bien Phu mistari miwili au mitatu ubaoni: Wafaransa walizingirwa bondeni, Wavietinamu wakashinda tarehe 7 Mei 1954, utawala wa kikoloni wa Indochina ukafikia mwisho. Leo tunakiri kwamba mistari ile iliwaacha nje wale hasa walioshinda.

Mnamo Novemba 1953, Jenerali Henri Navarre aliteremsha askari wake kwa miavuli katika bonde lile, karibu na mpaka wa Laos. Alitumaini kumvuta adui aje kuangamia mbele ya mizinga ya Ufaransa. Milima ilikuwa na misitu, na barabara zilikuwa mbovu. Nani basi angepandisha mizinga mizito mpaka huko juu? Kanali Charles Piroth, mkuu wa mizinga, alihakikisha kwamba ile ya adui ingenyamazishwa upesi. Kumbe watu walikuwa wakiivuta kwa kamba, hatua kwa hatua, na kuificha katika mapango waliyoyachimba mlimani. Wanaume kwa wanawake, maelfu kwa maelfu, walipeleka mchele na risasi kwa mabega na kwa baiskeli zilizofungwa miti ya mwanzi ili zisukumwe, moja ikichukua kilo 200 na zaidi. Sisi tunaopishana kila siku na baiskeli za makaa hatuhitaji kuelezwa jasho hilo.

Linalotugusa zaidi ni jambo la Januari 1954. Vo Nguyen Giap, aliyekuwa mwalimu wa historia kabla ya kuwa jenerali, alikuwa tayari amepanga kushambulia. Akaona kwamba angepoteza jeshi lake, akaahirisha, akaamuru mizinga irudishwe nyuma. Hebu fikirini: kumwambia mtu aliyevuta chuma usiku kucha akivute tena kurudi kilikotoka! Na watu wakavuta. Kwa maoni yetu, Ufaransa ilishindwa siku zile, kabla ya shambulio la tarehe 13 Machi. Piroth, alipoona ahadi yake imevunjika, alijiua kwa bomu la mkono.

Kwa nini walivuta? Woga peke yake hautoshi kueleza. Desemba 1953 serikali ya Ho Chi Minh ilikuwa imepitisha sheria ya kuwagawia wakulima ardhi. Mpagazi alijua anabebea shamba gani. Babu zetu nao walibeba risasi, mwaka 1916, kuelekea Tabora nyuma ya jeshi la Wabelgiji. Walichukuliwa kwa nguvu, na ushindi ule haukuwa wao.

Hata hivyo hatutaki kumpa mwanafunzi sherehe tupu. Askari wapatao 10,000 walitekwa. Walitembezwa mamia ya kilomita, wakiwemo wagonjwa na majeruhi, na wengi sana hawakurudi. Giap mshindi hawezi kuondolewa katika hesabu hiyo. Na kati ya wafungwa wale walikuwamo Waaljeria, Wamoroko na watu wa Afrika ya Magharibi, waliotumwa kulinda katika Asia utawala uleule uliowakalia kwao. Tarehe 1 Novemba ya mwaka huohuo, vita vya uhuru vikaanza Algeria.